Usingizi wa Mwalimu Bertin

Jicho la kushoto la Anastasie lilikuwa limevimba hata halifunguki, na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Alilikanda kwa maji ya moto, akajifunga kitambaa kichwani na kukishusha upande mmoja mpaka kwenye nyusi, kisha akabeba dumu lake la mawese kwenda sokoni. Meza yake ilikuwa kati ya wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na mama mmoja wa unga wa muhogo aliyeitwa Espérance. Wawili hao walikuwa wamekaa jirani miaka mingi pale soko la Baraka. Walikuwa wamelindiana mali na kuzikiana ndugu. Kwa hiyo Espérance hakuona haya kuuliza.

"Mama Aline, umegonga nini leo?"

"Mulango."

"Mara ile ingine ulisema dirisha."

Anastasie alikuwa akimpimia mteja mafuta. Hakuinua kichwa.

"Mulango yako iko na vidole," Espérance alisema. "Naviona hapa ku shavu."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wauza ndagala waliacha kufukuza nzi ili wasikie vizuri. Mteja alichukua chupa yake, akasema asante, akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Kabla jua halijakaa utosini, habari ilikuwa imezunguka soko zima na kuvuka barabara mpaka kwenye kituo cha pikipiki: Bertin, mwalimu wa darasa la sita, shemasi wa kanisa, mtu asiyeonja pombe hata ya harusi, anampiga mkewe.

Habari hiyo ilikuwa ya kweli, isipokuwa kwa jambo moja. Bertin alikuwa akimpiga mkewe, yeye mwenyewe akiwa usingizini.

*

Anastasie alimkuta mumewe amekaa uani, anahangaika na kifungo cha shati. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mtetemo ulioanza kwenye kidole gumba na sasa ulikuwa umepanda mpaka kwenye kiwiko. Kifungo kilikuwa kikimponyoka. Anastasie aliweka dumu chini, akamfunga shati, naye akaacha afungwe kama mtoto.

"Ilikuwa mi tena?" aliuliza.

"Kuko nani mwingine mu kile kitanda?"

"Nilikuwa naota mbwa. Iliingia mu darasa, inataka kushika batoto. Nikaipiga ku mudomo."

"Mudomo ilikuwa ya mbwa, jicho iko yangu."

Bertin alitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, na uso ambao siku hizi haukucheka wala haukununa, hata watu walidhani ana majivuno. Alisema, "Leo unifunge."

Alikataa kula mpaka mkewe akubali. Usiku ule Anastasie alichana kitenge cha zamani, akamfunga mikono yote miwili kwenye ubao wa kitanda, akihisi kama anamfunga mbuzi wa kuuzwa. Asubuhi alikuta kitambaa kimeingia kwenye nyama ya vifundo vya mikono, vidole vimevimba na kuwa vyeusi, na mumewe anamtazama kwa macho yaliyojaa aibu. Alikuwa ameamka zamani na hakutaka kumsumbua. Hawakurudia tena.

*

Shuleni mambo yalikuwa yameanza kuharibika polepole. Kwanza ni mwandiko. Bertin aliyekuwa na herufi za mviringo, ambazo walimu wapya walitumwa kuja kuziiga, alianza kuandika ubaoni maneno yanayopungua kadiri sentensi inavyokwenda, mpaka mwisho wa mstari ukawa kama nyayo za sisimizi. Watoto wa nyuma walinyoosha mikono: mwalimu, hatuoni. Alifuta, akaandika tena kwa nguvu, na maneno yakapungua tena.

Kisha ukaja usingizi. Usiku alikuwa akipigana, kwa hiyo mchana mwili ulidai haki yake, ndivyo alivyojieleza mwenyewe. Lakini usingizi huu haukuja kama usingizi wa mtu aliyechoka, unaoanza kwa miayo na kichwa kizito. Ulimwangukia tu. Siku moja aliwapa watoto zoezi la hesabu, akakaa kuitazama saa yake, na kitu alichosikia baadaye ni sauti ya Raphaël, direkta wa shule, mlangoni.

"Mwalimu Bertin."

Watoto walikuwa kimya kabisa. Kimya hicho ndicho kilichomuumiza, kwa kuwa alijua watoto hunyamaza hivyo wanapomhurumia mtu au wanapomwogopa. Udenda ulikuwa umemshuka mpaka kwenye kola.

Raphaël hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka ofisini kwake, akafunga mlango, akaondoa mafaili kwenye kiti ili akae. Walikuwa wamesoma pamoja.

"Bazazi ya batoto banasema unakunywa," alisema.

"We unanijua."

"Mi nakujua. Bo habakujui. Banasema unakunywa usiku, unapiga muke, halafu unakuja kulala hapa mbele ya batoto yabo." Alisubiri jibu. Uso wa Bertin haukubadilika, na Raphaël aliuona ule uso mgumu kuwa ni kiburi, akakasirika kidogo. "Basi. Nenda upumuzike nyumbani. Tutaona kisha Pasaka."

"Nani atabeba darasa?"

"Utapumuzika kwanza."

Bertin alitoka kwa hatua fupi fupi, akiburuta viatu. Alipofika nje alikumbuka kwamba ameacha chaki zake mezani, lakini hakurudi.

*

Neno lililofuata lilitoka kwa wenye umri mkubwa. Fizi, ambako ndiko Baraka ilipo, ni nchi ambayo vita vimepita na kurudi mara nyingi, na watu wake wanajua kwamba mwanaume akipiga kelele usiku kuna sababu. Wako wengi wanaopiga kelele. Wengine wamechomewa nyumba, wengine wamezika watoto porini bila jeneza. Hao wanajulikana, wanasamehewa. Lakini mtu anayerusha ngumi, anayepiga teke, anayesema "toka, nitakuua", huyo, walisema, anadaiwa. Damu ya mtu fulani imekuja kumdai.

Espérance ndiye aliyemfikishia Anastasie, na alimfikishia kwa nia njema, huku akimwongezea kipimo cha unga.

"Sikuulizi juu ya mulango tena. Nakuuliza kitu ingine. Ile miaka ya vita, Baba Aline alikuwa wapi?"

"Alikimbia kama bantu bote."

"Bote tulikimbia ku ziwa. Yeye alitokea njia ya Kilembwe, kule ku bantu ya bunduki, miezi mingi kisha bengine. Bantu banakumbuka, Mama Aline."

Anastasie alikumbuka pia. Alikumbuka mume aliyerudi akiwa na vidonda mabegani, aliyekula bila kuongea, na ambaye hakuulizwa, kwa kuwa wakati ule kurudi kulitosha. Sasa alitembea kwenda nyumbani na unga kichwani na swali moyoni. Alisonga bukari kwa ule unga, akapika sombe ya majani ya muhogo, akampakulia. Alingoja amalize, maana siku hizi kumeza kulimchukua muda na hakutaka apaliwe.

"Baba Aline, nitakuuliza. Usikasirike."

"Uliza."

"Uliua muntu?"

Bertin aliweka bakuli chini. Mkono ulitetemeka, na bakuli likagonga meza mara kadhaa kabla ya kutulia.

"Banasema hivyo?"

"Banasema."

"Na we?"

"Mi nauliza."

Bertin alizungumza kwa sauti yake mpya, ndogo na ya chini, iliyomlazimu mkewe asogee.

"Bantu ya bunduki balitukamata tubebe mizigo. Tulikuwa wengi. Kulikuwa muzee moja mbele yangu, muntu wa Lubondja, alianguka. Mukubwa wabo akaniambia, chukua na muzigo yake. Nikachukua. Nikaendelea na njia. Sikutazama nyuma." Alifuta mdomo. "Ile tu. Sikuua muntu."

"Njo ule muzee unapigana naye?"

"Sijamuota hata siku moja," Bertin alisema. "Niliomba nimuote, nimuombe musamaha. Hakuji. Inakuja mbwa, inakuja nyoka, siku ingine inakuja ng'ombe. Vitu vya bure."

Anastasie alimwamini. Lakini usiku ulipofika alilala karibu na ukuta, mgongo wake ukiwa umegusa matofali, na mto ameuweka katikati yao.

*

Jumapili baada ya ibada, Jacques alikuja. Alikuwa kaka mkubwa wa Anastasie, mkulima wa Lubondja, mwenye sauti iliyozoea kuita watu ng'ambo ya shamba. Habari zilikuwa zimemfikia huko. Alikuja na kuku hai, kwa kuwa hata anayekuja kuvunja ndoa haji mikono mitupu, akamkabidhi dada yake bila kumtazama usoni. Baadaye alimtazama. Uvimbe ulikuwa umepungua na kubaki rangi ya manjano chini ya jicho.

Walikaa chumba cha mbele. Bertin alivaa koti. Anastasie alileta chai na mihogo ya kuchemsha, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Shemeki," Jacques alianza, "mi sikukuja kwa vita. Baba yetu alipokupa huyu mutoto, alikupa mbele ya bantu bamushuhudie. Alisema nini? Alisema, siku utamuchoka, umurudishe na miguu yake. Alisema umurudishe na vidonda?"

"Hapana," Bertin alisema.

"Hakusema. Na mi niko hapa ku pahali pake. Kama umemuchoka, sema. Leo tutaenda naye. Hakuna kelele, hakuna aibu. Tutakaa bandugu."

"Yaya," Anastasie alimwambia kaka yake, "nilikuambia pale ku mulango namna iko. Anafanya mu usingizi."

"Kila mwanaume anayepiga muke iko na jina ya kitu kilimupigisha. Moja anasema pombe, moja anasema hasira. Huyu anasema usingizi." Jacques aligeuka tena kwa shemeji yake. "Mi nilioa miaka mingi mbele yako, Bertin. Nilikasirika sana mu ile nyumba. Lakini mukono, hapana. Muntu mukubwa anajua..."

Aliendelea. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, na yalikuwa mengi na yenye busara. Alizungumza juu ya mama yao, juu ya Aline, binti wa nyumba hii aliyeolewa Uvira, na jinsi wakwe zake watakavyomtazama. Ilimchukua muda kugundua kwamba kichwa cha Bertin kimelala begani.

Jacques alinyamaza. Katika maisha yake alikuwa ametukanwa kwa namna nyingi, lakini hakuna aliyewahi kulala mbele yake, yeye akiwa anaongea.

"Unaona?" alimwambia dada yake polepole. "Unaona heshima anatupa? Funga vitu vyako."

"Muache, Yaya. Ngoja."

"Funga vitu vyako, Anastasie."

Alisimama ili amwamshe. Aliinama, akaweka mkono juu ya bega la Bertin, na wakati huohuo uso wa Bertin, ule uso uliokuwa umekufa tangu walipoketi, ulibadilika. Ulikunjamana. Meno yalionekana. "Toka!" alipiga kelele, kwa sauti nzito ambayo Anastasie alikuwa haisikii tena mchana, sauti yake ya zamani. "Toka! Acha mutoto!" Mguu uliruka na kupiga meza, chai ikamwagika, mihogo ikatawanyika sakafuni. Ngumi ya kulia, ile ya mtetemo, ilikwenda moja kwa moja bila kutetemeka hata kidogo na kumpata Jacques mdomoni. Ya pili iligonga ukuta. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Muite na jina, kwa mbali," Anastasie alisema. Hata hakuwa amesimama. "Usimushike."

Lakini Jacques alikuwa ameshika mdomo. Anastasie ndiye aliyeita, mara ya kwanza, ya pili. Bertin alifungua macho, akavuta pumzi kama aliyetoka majini. Aliona meza iliyoanguka. Aliona shemeji yake amesimama na damu inamtiririka kidevuni. Uso wake ulirudi kuwa kama ubao.

"Shemeki," alisema kwa ile sauti ndogo, "utanisamehe. Ulikuwa unasema juu ya Aline."

Jacques alitoa leso, akajifuta. Aliitazama damu, kisha akaketi polepole.

"Unaona nini ukiwa kule?" aliuliza.

"Mbwa."

"Mbwa," Jacques alirudia. "Mi nilifikiri dada yangu anaficha mabaya yako."

Anastasie alikuwa ameshapiga magoti, anaokota mihogo.

*

Walibishana mpaka jioni wampeleke wapi. Jacques alijua chumba cha maombi ambapo mtu angefunga siku kadhaa na pepo wa mbwa angetoka. Bertin alisema atakwenda popote atakapopelekwa. Anastasie ndiye aliyesema hospitali, na kwa kuwa jicho lilikuwa lake, hakuna aliyempinga.

Daktari aliwapokea baada ya kusubiri kutwa nzima kwenye benchi. Alikuwa mwanamke kijana, anaitwa Fanny, mwenye viatu vya mpira na sauti ya uchovu. Alimwambia Bertin atembee mpaka dirishani na kurudi. Alimshika kiwiko, akakikunja na kukinyoosha taratibu. Alimpa kalamu aandike chochote, na Bertin akaandika jina lake na la shule yake, kila herufi ndogo kuliko iliyotangulia. Kisha daktari akamgeukia mke.

"Mama, kupiga kelele mu usingizi kulianza lini? Kisha mukono kutetemeka ao mbele?"

Anastasie alifikiri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Mbele. Mbele sana. Aline alikuwa bado hajaolewa. Alikuwa anapiga kelele, anapiga teke kidogo. Tulikuwa tunacheka, asubui namuuliza, jana ulifukuza nani?"

Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Alieleza kwa maneno machache. Ugonjwa unaitwa Parkinson. Uko kwenye ubongo. Unatetemesha mkono, unakaza mwili, unafunga uso, unapunguza sauti na mwandiko. Na unaharibu usingizi, wa usiku na wa mchana. Mtu mwenye afya akiota, mwili wake unafungwa usifuate ndoto. Kwa Bertin kamba hiyo ya kuufunga imekatika, na wakati mwingine inakatika miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka.

"Dawa iko," alisema. "Ya kutembea na mikono, tutaagiza Bukavu, kuko siku itakosekana, mutavumilia. Ya usingizi tutajaribu, itapunguza. Kuponya kabisa, nisikudanganye, hapana."

Bertin alisogea mbele.

"Dokta. Kwa hiyo haiko damu?"

Daktari alimtazama, kisha akatazama karatasi yake. "Damu tutapima pia, Papa. Lakini shida haiko mu damu."

"Asante," Bertin alisema. Machozi yalimtoka na kushuka kwenye ule uso usiosogea, na daktari akadhani analia kwa kuusikia ugonjwa, akamwambia ajipe moyo. Anastasie hakumsahihisha. Aliweka mkono wake juu ya goti la mumewe na kuuacha hapo.

Walipokuwa wanatoka, daktari aliongeza jambo, mlango ukiwa nusu wazi. "Mama, usilale naye kitanda moja. Utapata shida. Na vitu vigumu, utoe karibu yake."

*

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko ugonjwa. Baraka inajua maana ya mke kuhama kitanda. Mke anahama kitanda akiwa mjane, au akiwa ameachwa na hajapata nauli.

"Mi sijakufa," Bertin alisema.

"Hakuna aliyesema umekufa."

"Utaniacha peke yangu kama maiti."

"Nitakuwa mu chumba ile ile."

"Na bantu?"

Anastasie alinunua kitanda chembamba cha mbao kwa fundi aliye karibu na soko, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kukipitisha kwa siri, kilipita mchana kweupe juu ya mkokoteni, katikati ya meza za soko, yeye akitembea nyuma na godoro kichwani. Wauza ndagala waligeuza shingo. Espérance alisimama.

"Mama Aline. Mutoto anakuja kukaa?"

"Kitanda iko yangu."

Espérance alijifuta unga mikononi kwa kitenge chake.

"Bwana yangu iko mugonjwa," Anastasie alisema, na hakupunguza sauti. "Ugonjwa iko na jina, inaitwa Parkinson. Inamupiganisha na ndoto. Njo yeye alinipiga hili jicho, nilikuambia uongo. Hakuwa macho. Na hakuua muntu." Alishika godoro vizuri. "Muambie na bale bengine, sitazunguka kila meza."

Mkokoteni uliendelea. Espérance alibaki amesimama, kisha akaacha unga wake, akaja na kushika upande wa pili wa godoro. Hakuomba radhi. Walilibeba mpaka nyumbani.

Raphaël hakumrudisha Bertin darasani baada ya Pasaka. Alikuja mwenyewe kusema, akakaa, akanywa chai, akajaribu kuongea juu ya mambo mengine. Darasa lilikuwa limepewa kijana mmoja, Dieumerci. Bertin aliuliza kama mwandiko wa kijana huyo unasomeka. Raphaël alisema unasomeka.

Vitanda viwili vilikaa katika chumba kimoja, kimoja kila upande, na kati yao palikuwa na nafasi ambayo mtu mmoja angeweza kusimama. Dawa zilisaidia kidogo. Kulikuwa na usiku wa kimya, na kulikuwa na usiku ambao Anastasie aliamshwa na ngumi zinazopiga ukuta, akainua kichwa na kumwita mumewe kwa jina, kwa mbali, mpaka akatulia.

Asubuhi moja ya namna hiyo Bertin aliamka, akaona ngozi imetoka kwenye vidole vyake. Alimtazama mkewe aliyekuwa anajifunga kitenge upande wa pili.

"Nilikupiga?"

"Haukunifikia," Anastasie alisema.

Bertin aliitika kwa kichwa. Alisema ni vizuri. Kisha akageuka kuelekea ukuta na kukaa hivyo, na Anastasie alilisikia upya neno alilokuwa amelisema: haukunifikia.

Maji ya chai yalikuwa yanachemka, na wateja wa asubuhi walikuwa wameshaanza kupita barabarani kuelekea sokoni. Anastasie alivuka ile nafasi, akainua blanketi, akalala kando ya mumewe akiwa na nguo zake za soko. Kulikuwa kumepambazuka, na mwenye kitanda alikuwa macho. Alikaa hapo mpaka maji yakakauka kwenye sufuria.